Primus na Majina ya Maumivu

Primus alikuwa amelala kifudifudi kwenye kochi la kaka yake kama gunia la viazi lililoshushwa vibaya, simu ameishika mbele ya pua. Nje, wanaume wa kijiji walikuwa wameshapita na majembe. Leodegar aliwasikia wakicheka njiani, na alijua wanamcheka nani.

"Wewe, amka."

"Kaka, siwezi. Niko sore."

"Uko nini?"

"Sore. Misuli, kaka. Mwili mzima."

Leodegar alimtazama bila huruma hata kidogo. Mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa hogo na kuning'inizwa shingoni, tangu alipoanguka kutoka kwenye mparachichi. Kama si mkono huo, asingekuwa anambembeleza mtu wa namna hii.

Pale kijijini Kilema, maji ya kihamba, shamba la nyumbani, hayatoki bombani. Yanakuja kwa mfongo, mfereji uliochimbwa na mababu kutoka korongoni, na kila mwaka kabla ya kiangazi cha Januari mfongo husafishwa. Kila nyumba hutoa mwanamume mmoja, asubuhi mbili. Nyumba isiyotoa mtu haipati zamu ya maji mpaka masika. Kazi hiyo huwekwa makusudi mara tu baada ya Krismasi, wakati watu wa Dar wamerudi kula nyama na kuonyesha magari, ili wasipate pa kukwepea. Leodegar alikuwa na miche mipya ya kahawa na majani ya ng'ombe. Bila maji Januari, miche ile ingekuwa kuni za kuwashia moto.

Asubuhi ya kwanza Primus, mmoja wa hao wa Dar, alikwenda na raba nyeupe na glavu za jimu. Alivua shati. Alichimba kama anaua nyoka, huku akiwaambia wazee wa watu kwamba wanashika jembe vibaya. Jioni alikunywa pombe ya mbege na kusimulia. Sasa alikuwa hivi.

"Kizungu kina utaratibu," alisema kutoka kwenye mto. "Nimeangalia hapa. Sore ni pale panapouma ukipagusa au ukipatumia. Ache ni maumivu ya chini chini, hayakuachi. Stiff ni mwili umekaza, haukunjiki. Tender, ukibonyezwa tu unaruka. Strain, msuli umevutwa kupita kiasi. Cramp, umejikunja ghafla."

"Na wewe una ipi?"

"Zote, isipokuwa cramp."

"Masikini. Umeonewa."

Leodegar aliishia darasa la saba, na kwa mara ya kwanza alishukuru. Kwao viungo vinauma, basi. Unachuliwa mafuta, unakula mtori, kunakucha unachimba. Huyu mwenye shahada amepewa majina sita ya uvivu, na kila jina anataka alilalie.

Lukresia, mkewe, aliingia na bakuli linalofuka moshi. "Shemeji, kaa unywe mtori."

"Usimpe," alisema Leodegar. "Anywe simu yake."

"Kaka, acha presha. Nimeshamaliza hilo tatizo." Primus aligeuza shingo kwa uangalifu wa mtu aliyebeba mayai. "Nimemtuma Jesse, yule anayefanya vibarua pale barabarani. Nimempa hela yake. Yuko huko anachimba."

Lukresia aliliweka bakuli mezani polepole. Mfongo haununuliwi. Nyumba inayopeleka kibarua imetangaza mbele ya kijiji kwamba wanaume wake wamekwisha. Hata watoto wanajua. Ila huyu alikuwa ameishi mjini mpaka akadhani kila jambo lina mtu wa kulipwa.

Leodegar alipanda mbio, kisha akateremkia mfongoni kupitia migombani. Alimkuta Jesse amekaa pembeni juu ya jiwe, jembe mapajani, hakuna aliyempa kipande cha kuchimba. Mzee Filbert, msimamizi wa mfongo, alikuwa amesimama ukingoni.

"Shikamoo, Meku," alisema Leodegar, kama wazee wa pale wanavyoitwa.

"Marahaba. Leodegar, kwenu mmekwisha?"

Wanaume wakacheka. Leodegar alimnyang'anya Jesse jembe, akashuka kwenye kipande cha nyumba yao na kuanza kulirusha kwa mkono wa kushoto. Lilikwaruza tope kama kuku anayetafuta mchwa.

"Toka humo," alisema Filbert. "Ukivunja na huo, mkeo atakulisha kama kifaranga. Nimesema mtu wa damu yenu, mzima. Wenzenu wakimaliza na hapo penu pako hivyo hivyo, zamu naipa nyumba nyingine."

Leodegar akatoka. Alisimama na jembe lile huku vipande vya wenzake vikiisha kimoja kimoja. Hakuwa amewahi kumchukia mtu wa tumbo moja naye kiasi kile.

Ndipo kicheko kikaanzia juu kwenye migomba. Primus alikuwa anateremka kinyumenyume. Mapaja yalikataa kushuka kama ya watu, kwa hiyo alikuwa ametanguliza makalio, akishika mgomba huu, kisha ule, na kila hatua akiguna. Nyuma yake, yaani mbele ya uso wake, alikuja Lukresia na fimbo ya ng'ombe.

"Ati ana maumivu ya Kizungu. Nimemwambia kochi nalihitaji," alisema.

Primus aliingia mferejini. Leodegar akamtupia jembe miguuni.

"Primus!" aliita mmoja. "Leo shati huvui?"

"Mwacheni, ana ugonjwa wa Kizungu!"

Primus alifungua mdomo ajieleze.

"Chimba," alisema Leodegar.

Alichimba. Alichimba vibaya, akikunjuka kama bawaba yenye kutu, na wengine wote walipomaliza walikaa ukingoni kumtazama kama watu waliolipa kiingilio. Kizungu kilimwishia mapema. Kilichobaki kilikuwa "Yesu Maria" kwa kila pigo. Glavu zilichanika. Hakuna aliyeshuka kumsaidia, na Leodegar angemzuia ambaye angejaribu.

Mwisho Filbert alishuka, akakanyagakanyaga chini ya mfereji.

"Kazi mbovu," alisema. "Lakini maji yatapita. Alhamisi zamu ni yenu."

Leodegar alivuta pumzi. Hakumshukuru mdogo wake. Mtu hashukuriwi kwa kufanya kazi ya kwao. Wanaume wakaanza kuondoka. Primus alijaribu kupanda ukingo, goti likakataa, akabaki mle ndani. Akaegesha jembe ukingoni na kunyoosha mkono uliojaa malengelenge.

Leodegar aliutazama mkono ule. Kisha akaokota jembe kwa mkono wake mmoja mzima, akamwelekezea mpini ili amvute.

"Shika," alisema. "Na usiniambie panapouma."