Kiti cha Nyuma

Umewahi kuketi nyuma ya mume wako kwenye baiskeli ya watu wawili, mnashuka mlima, na wewe peke yako ndiye unayejua kwamba huyo aliyeshika usukani haoni? Basi sogea nikueleze, maana mimi nimeketi hapo.

Ilikuwa mwaka 2004, mwisho wa Septemba. Mume wangu Séraphin, ambaye tangu tumzae kifungua mimba wetu namwita Papa Jules, macho yalikuwa yameanza kumsumbua vibaya tokea majira ya baridi. Hakusema. Mimi niliona kwa vitu vidogo vidogo. Alimimina chai kando ya kikombe, akaipangusa meza kwa mkono wa shati kana kwamba ndilo alilokusudia. Kituoni aliniuliza, "Hiyo ni basi namba gani?" na nilipomjibu alisema, "Nilitaka kuona kama bado unajua kusoma." Wakati wa sala, Biblia alimpa mjukuu wetu Miradie, eti mtoto ajifunze Kiswahili. Miradie amezaliwa London. Kiswahili anakisikia lakini hujibu kwa Kiingereza, na kitabu cha Waamuzi alikisoma kama mtu anayetafuna mfupa.

Siku moja pale Edmonton Green, mtaani kwetu, Papa Jules alilivulia kofia sanduku jekundu la posta lililosimama kando ya njia. "Bwana asifiwe, Mama Teresia!" Ni kweli Mama Teresia wa kanisani kwetu ana koti jekundu, na ni mfupi, na ni mnene. Lakini Mama Teresia angeitikia.

Nilicheka ndani ya kitambaa changu mpaka kwenye ngazi za nyumba. Hapo kicheko kikakatika.

Nilimwambia twende kwa daktari wa macho. Alinijibu, "Macho haya yametuleta kutoka Bukavu mpaka hapa bila kukosea njia. Unayatafutia ugonjwa?" Sikumsukuma, maana nilijua kinachomtisha. Baba yake alipofuka angali na nguvu za kulima. Alimaliza umri wake mlangoni, na kila alipotaka kwenda shambani au kanisani alishika ncha moja ya fimbo, na ncha ya pili alishika mtoto, akamvuta. Mtoto huyo alikuwa Séraphin. Mtu aliyevuta fimbo hiyo hawezi kukubali kirahisi kwamba sasa ni zamu yake kuvutwa.

Ningesubiri zaidi, mimi kusubiri nakujua. Lakini kulikuwa na kabasi ya kanisa, basi dogo la kubebea waumini. Papa Jules ndiye aliyekuwa akiiendesha kila Jumapili, kuwachukua watoto na akina mama kutoka Thamesmead na Peckham. Majira yote ya joto ilikaa gereji, nami nikamshukuru Mungu kwa kila chuma kilichokosekana. Halafu Mchungaji Nathanaël akapiga simu: gari limepona, Jumapili hii Papa Jules arudi kazini. Nikajipa mwisho. Asiposema mwenyewe kabla ya Jumapili, nitamwambia Mchungaji mimi, hata kama itamwaibisha mzee wangu mbele ya kanisa zima.

Na Jumamosi ndiyo siku ambayo mwana wetu Jules alikuwa ametupangia zawadi ya kumbukumbu ya ndoa yetu. Alikumbuka kwamba baba yake, alipokuwa kijana, alileta kabichi kutoka Kabare mpaka soko la Kadutu pale Bukavu kwa kinga, ndivyo kwetu tunavyoita baiskeli. Basi akatukodishia kinga ya watu wawili, tuzunguke siku nzima kwenye bonde la mto Mole, kusini mwa London, kwenye vilima vya mashamba ya mizabibu. Mimi mwenyewe baiskeli naijua. Kazi yangu ilikuwa kuwahudumia wazee majumbani, na nyumba hadi nyumba nilikwenda kwa kanyaga-kanyaga. Ila Edmonton ni tambarare kama meza.

Tulishuka treni Dorking. Mwenye baiskeli alikuwa Kalasinga mmoja wa Nakuru, Harjit, mwenye kilemba cha samawati na mikono ya grisi. Aliposikia tunavyosemezana, alifurahi karibu atubebe.

"Mzee, karibu! Mama, karibu! Sikiliza. Wa mbele ni dereva. Usukani yake, gia yake, breki yake. Wa nyuma ako na kazi mbili tu, kukanyaga na kuomba Mungu."

"Basi mke wangu anatosha," alisema Papa Jules. "Ni shemasi."

Akapanda mbele. Nikapanda nyuma.

Mwanzoni njia ilikuwa pana, nami nilimsemesha bila kupumzika. "Tazama, Papa Jules, mzee na mbwa wake kulia. Tazama, lango jeupe kushoto." Alinung'unika, "Leo umemeza redio?" Lakini nilipotaja lango, usukani ulisogea. Aliendesha kwa mdomo wangu, na wote wawili tukafanya kama hatujui.

Penye mlima tulishuka tukasukuma, kama kwetu, yeye mbele, mimi mkono kwenye kiti changu. Juu tukasimama kuvuta pumzi. Chini mto ulijikunja, mdogo, rangi ya chai ya maziwa, na ng'ombe weupe wamelala kando yake. Na hapo mbele yetu, mteremko mzima, mizabibu.

Sasa nikuambie. Sisi habari za mizabibu tumezisikia tangu tunyonye, kila Jumapili, lakini kwetu haioti. Kichwani mwangu mzabibu ulikuwa mti mkubwa kama mwavoka, maana wapelelezi wa Musa walikibeba kishada kimoja watu wawili, kimening'inia kwenye mti mabegani mwao. Kumbe! Ni vijiti vinavyonifikia kifuani, vimefungwa kwenye nyaya mstari kwa mstari, kama maharagwe ya kupanda. Na zabibu zenyewe ni vitu vidogo vya kijani, kama mbaazi zilizonenepa.

Nilimgusa mgongo. "Papa Jules, unaiona mizabibu?"

"Naiona." Alikuwa ameinua uso juu kabisa, juu ya nyaya, juu ya kila kitu, anatabasamu. "Mungu wangu, mirefu kweli!"

"Na matunda?"

"Makubwa. Kama yale ya wapelelezi."

Nilijua haoni vizuri. Sikujua ni kiasi hicho. Nikasema, "Tusukume na kushuka pia. Magoti yangu."

"Magoti yako yatapumzika ukikaa. Panda."

Alikuwa ameshapanda. Nikapanda, maana kumwacha ashuke peke yake nilishindwa. Baiskeli ile ilikuwa nzito, ikashika mwendo, upepo ukanijaza mdomo, maneno yangu yakaanza kurudi nyuma. Ndipo nikaliona trekta. Lilikuwa likitoka polepole kati ya mistari ya mizabibu, limevuta kigari cha makreti matupu, likaziba barabara yote.

"Breki!" nilipiga kelele. "Papa Jules, breki, breki, kushoto!"

Akafunga breki. Hakuuliza kwa nini. Tuliingia kwenye majani, tukayumba, tukasimama tumeinama upande mmoja, mguu wangu ndani ya upupu wa Kizungu ule unaochoma. Mwenye trekta alituinulia mkono na kupita. Hakuna aliyeumia.

Papa Jules alishuka. Alishika usukani kwa mikono miwili kama mtu anayezuia mbuzi. Alisikiliza trekta likienda, mpaka likanyamaza.

"Hiyo ilikuwa nini?"

"Trekta."

"La rangi gani?"

"Jekundu, Papa Jules. Kama Mama Teresia."

Alinigeuzia uso. Midomo ilimcheza, nikadhani atakasirika. "Kumbe ulijua," alisema. Halafu, kwa sauti ndogo, "Naona moshi tu. Asubuhi moshi, mchana moshi. Mama Jules, mimi sitaki fimbo."

"Nani amekuja na fimbo hapa? Hapa kuna kinga. Njoo ukae nyuma."

Alikaa. Nikashika usukani, nikajaribu breki mara mbili, tukateremka mdogo mdogo. Mikono yake ilikuwa imekaza vyuma vya kushikilia vya nyuma mpaka baiskeli nzima ilitetemeka. Nikamsimulia: tunapinda kushoto, kuna daraja la mawe, sasa mto uko upande wako. Baadaye akauliza, "Ile mizabibu. Ikoje hasa?"

"Mifupi. Kama maharagwe ya kupanda."

Kisha nikasikia, "Maharagwe?" Na kicheko kikamtoka, kicheko cha tumbo, karibu kituangushe mtoni. "Tangu utoto wachungaji wananitishia na maharagwe!"

Dukani kwa Harjit aliomba simu, akampigia Mchungaji Nathanaël mwenyewe, mimi nikisikia. "Jumapili tafuta dereva mwingine. Macho yangu yanaumwa." Basi, maneno machache kama hayo. Treni ilipoanza kuondoka niliona mabega yangu yanashuka. Sikuwa nimejua yamepanda.

Kumbe ulikuwa mtoto wa jicho. Daktari wa hospitali alieleza kwamba unatolewa asubuhi, na mchana mgonjwa anakula kwake. Papa Jules akauliza kuhusu baba yake. Daktari alisema hawezi kujua, labda ulikuwa huohuo. Hapo mzee wangu alilia kidogo, nami nikamwacha alie. Jicho la kwanza lilipofunguliwa alinitazama kwa muda mrefu.

"Mama Jules! Kumbe umezeeka hivi?"

"Kioo kiko bafuni," nilimwambia. "Nenda ukasalimiane na mwenzangu."

Alirudi kwenye kabasi ya kanisa, akasoma Waamuzi mwenyewe, Miradie akapumua.

Septemba iliyofuata tulirudi bondeni, safari hii na Jules na Miradie, kila mmoja na baiskeli yake. Harjit alitutolea ileile yetu. "Mzee, macho iko sawa sasa? Basi kiti yako ile pale."

"Panda mbele, Papa," alisema Jules, akamshikia usukani.

Papa Jules aliupitisha mkono juu ya kengele, juu ya breki. Akazunguka, akapandisha mguu, akakaa nyuma.

Jules alishtuka. "Lakini Papa, daktari alisema unaona kila kitu!"

"Ndiyo maana." Akanigeukia mimi, si mwanawe. "Kwenye kabichi za Kabare nilitazama barabara. Tulipokimbia na watoto, nilitazama barabara. Kila Jumapili natazama barabara. Mwaka jana wewe ulinihadithia mto mzima, na mimi sikuuona." Akaipanga miguu yake vizuri kwenye pedali. "Endesha, Mama Jules. Mimi siku zote nilitaka kukaa nyuma, nitazame."