Mistari ya Mueda

Mwaka 1970, wakati wa vita vya ukombozi Msumbiji, Mhandisi Teles, Mreno, aliweka mashine tano za kupima matetemeko ya ardhi, kuanzia Mucojo mpaka karibu na Mueda. Zingekaa miezi sita tu. Lázaro, Mmakonde aliyesoma misheni, aliajiriwa katika mji wa pwani wa Mocímboa da Praia kukagua karatasi zilizochorwa na mashine hizo na kuandika saa ya kila tetemeko.

Jumatatu moja alifungua karatasi ya Mueda. Mstari ulikuwa umeruka mara kumi na tisa, zote asubuhi ya Alhamisi. Asubuhi ile ndege za jeshi la Wareno zilipita juu ya mji zikielekea bara, upande wa Mueda, aliko dada yake Joana na watoto wake.

"Hayo si matetemeko," Teles alisema. "Andika *ruído*. Kelele."

"Ni mabomu, bwana mhandisi."

"Kwetu ni kelele. Yanatuharibia hesabu."

Lázaro alipaza sauti. "Kelele? Dada yangu anaishi pale, na wewe unalilia hesabu!"

Akachukua kalamu ya wino, akaandika BOMU kwenye kila mruko, mara kumi na tisa, akikandamiza mpaka karatasi ikatoboka. Teles alimpokonya, akaita askari.

Walimfunga wiki tatu, wakampiga. Alipotoka hakumuaga mtu. Alishika njia ya bara kwa miguu kumtafuta dada yake.

Alimkuta Joana siku ya tano, amejificha msituni. Mtoto wake mmoja alikuwa ameshazikwa.