Kipindi cha Pili

Jérôme alikuwa amevaa suti nyeusi, na mpwa wake hakumuuliza kwa nini. Hilo peke yake lingemshtua Jérôme, kama akili yake ingekuwepo. Lakini akili yake ilikuwa Bukavu, kwa dada yake Euphrasie, aliyelala chumba cha maiti tangu Ijumaa akisubiri mwanawe apewe habari.

Mwana mwenyewe, Héritier, alikuwa amekaa kando yake katika ofisi ya klabu Jumatatu hiyo, huko Berchem-Sainte-Agathe ughaibuni, mikono ameibana katikati ya magoti. Alicheza ule mpira wa Kimarekani, wa kofia ngumu na kugongana, ambao Jérôme hakuwahi kuuelewa. Alichojua ni kwamba kijana alikuwa mlinzi wa safu ya pili: anasimama nyuma ya yale majitu ya mbele, anasoma mpira unakoelekea, kisha anamwangusha aliyeubeba. Tena alikuwa wa akiba. Misimu mitatu benchi, na asubuhi akipakia maboksi ghalani. Jumapili, mwenye nafasi akiwa ameumia goti, Héritier alipewa mechi nzima. Kwa mechi hiyo wangempima: ama mkataba wa mchezaji wa kikosi cha kwanza, aachane na ghala, ama kwaheri.

Ndiyo maana Ijumaa, habari zilipofika, wazee wa ukoo walikusanyika kwa Jérôme, mtaa wa Ganshoren, wakalia kwa kujibana kama wezi, kisha wakakata shauri. Mtu haambiwi msiba kwa simu, wala akiwa amesimama. Hukalishwa, wazee wakamzunguka, mkubwa akasema. Na maadamu ni lazima akalishwe, basi akalishwe Jumatatu, mkataba ukiwa mfukoni. Wazee wakijipanga kukosea, hukosea kwa heshima zote. Jumamosi Héritier alipopiga simu kusema mama yake hapatikani, Jérôme alimjibu kwamba mtandao wa Bukavu umekatika. Alipokata simu alikaa kitandani, akamlilia dada yake kwenye mto.

Madame Wouters, mpimaji wa wachezaji wa klabu, aligeuza kompyuta upande wao.

"Kipindi cha kwanza," alisema, "tazameni."

Hata Jérôme aliona. Kijana aliyevaa jezi ya Héritier alikuwa kila mahali. Mpira ukienda kulia, alishafika. Ukipita katikati, alimbeba mtu mzima mzima akamlaza. Madame Wouters alitabasamu, na Jérôme naye akatabasamu.

"Kwa kipindi hiki ningemlipa mshahara wa mchezaji wa kikosi cha kwanza, bila kusita. Sasa cha pili."

Kijana yuleyule alisimama katikati ya uwanja kama mtu aliyesahau alichofuata sokoni. Mpira ulipita mkono wa kushoto, naye akaangalia juu, jukwaani. Ukapita tena. Mara moja alimfikia mwenye mpira, akamshika, akamwachia.

"Miguu ilikuwa mizima, daktari amempima," alisema mama yule. "Sielewi. Nisipoelewa, siwezi kuwaambia wakubwa wangu tunamlipa Héritier yupi. Kuna jambo napaswa kulijua? Maumivu? Matatizo nyumbani?"

Alimwangalia Héritier. Héritier akamwangalia Jérôme.

Jérôme alifungua mdomo. Neno lilikuwa pale pale, juu ya ulimi, na lingetosha. Lakini atamwambiaje mtoto kifo cha mama yake hapa, mbele ya mgeni, kwenye kiti cha ofisi, pasipo hata mkono wa shangazi wa kumshika? Akaufunga mdomo.

"Hakuna," alisema Héritier taratibu.

Mama yule alizima kompyuta. Alisema klabu itatafuta mtu mwingine. Alisema anasikitika, na ilionekana kweli anasikitika.

Walirudi kwa tramu. Ganshoren viti vilishapangwa duara sebuleni, na mke wa Jérôme, Régine, alikuwa amefunika kioo kwa kitenge, kama ilivyo desturi ya msiba. Héritier alikalishwa, wazee wakamzunguka. Jérôme akakohoa, akatafuta pa kuanzia.

"Tonton," Héritier alimwambia mjomba wake, "minajua."

Wazee wakamgeukia Jérôme.

"Tangu mi-temps, ile mapumziko. Nilichukua simu nijaribu maman tena, njo nikaona Gracieuse, ndugu yetu wa Bukavu, ameweka ku status foto ya maman na bougie, mushumaa ya matanga."

"Na ulirudi kucheza?"

"Ningefanya nini? Nilikuona kule juu unanipigia makofi. Nikasema, bon, tonton hajaniambia, donc kifo bado haiyafika."

"Na ule mama alipouliza? Héritier, juu ya nini haukusema? Neno moja tu, mutoto wangu! Angekuelewa!"

"Nilikuwa naangalia weye. Weye njo mukubwa. Kama weye haujasema, miye nitasema namna gani?"

Jérôme aliikumbuka ofisi ya klabu. Walikuwa wamekaa bega kwa bega mbele ya mtu aliyewaomba neno moja, kila mmoja analo, kila mmoja akimchungia mwenzake heshima.

"Sasa uniambie," Héritier alisema. "Tafazali, tonton. Uniambie vile banaambiaka batu."

Jérôme alisimama, akavifunga vifungo vya koti lake jeusi.

"Héritier, mutoto wa dada yangu," alisema, "mama yako ameshakufa."

Na kijana aliyekuwa anajua tangu jana akapiga yowe, akaanguka chini, kana kwamba ndiyo kwanza anasikia.