Tarumbeta ya Pili

"Hiyo siyo! Hata ukiipuliza mpaka macho yakutoke, haitakuwa!" Radi alipiga vijiti vyake vya dramu juu ya meza ya kukatia nguo, vifungo vikarukaruka.

"Siyo vipi?" Jibu alishusha tarumbeta. "Mimi nilikuwa mbele napuliza. Wewe ulikuwa nyuma unatwanga."

"Nyuma ndiko wanakosikika wote, bwana. Hiyo ni sauti ya chini. Ya juu ilikuwa ya Jogoo."

Binti wa Jibu, mwenye chumba kile cha cherehani, alikuwa chini anaokota vifungo. Aliinuka na sindano mbili mdomoni, akazichomeka kwenye ukosi.

"Baba mdogo, chini ya nini? Huo ndio wimbo wenyewe. Baba kanibembelezea huo sijaota hata jino, na mimi nimewalaza wanangu nao." Akauimba, tangu mwanzo mpaka mwisho, bila kukosea.

Radi alicheka, lakini usoni hapakuwa na kicheko. "Pole, mwanangu. Umelazwa na nusu ya wimbo."

Mpiga gita wao, ambaye kwa kawaida neno lake lilikuwa adimu kama mvua ya kiangazi, alitikisa kichwa kukubali. Hapo ndipo Jibu alipoketi.

Enzi zile bendi ilijaza jukwaa: safu ya saksafoni, safu ya tarumbeta, suti za rangi moja, viatu vinang'aa hata ungeweza kujitazama. Katikati ya wimbo ule waimbaji walinyamaza, na tarumbeta mbili zikasimama. Jogoo aliuliza kwa ya kwanza, yeye akajibu kwa ya pili. Ndiyo maana walimwita Jibu, ingawa mkewe, Mungu amrehemu, alidhani ni kwa ajili ya ulimi wake. Santuri ya wimbo ule haikutoka, bendi ilivunjika kabla. Wenzao waliondoka mmoja mmoja, na mwaka jana walimzika Jogoo. Wakabaki hawa watatu, na mtangazaji wa redio aliyeahidi kuja leo kunasa sauti.

Jibu alifumba macho amtafute Jogoo. Alimwona vizuri: mashavu yamevimba, tai imelegea, kisigino kinapiga sakafu. Hata mafuta ya nywele aliyanusa. Sauti, hakuna. Alirudi tena, hakuna. Kisha akajua sababu, na kujua kwenyewe kukamchoma. Kila Jogoo alipouliza, yeye alikuwa analamba midomo, anavuta pumzi, anangoja zamu yake. Miaka yote ile bega kwa bega, kumbe hakuwa akimsikiliza.

Na nyumbani, alipopuliza peke yake, nani angevumilia kungoja swali lisilokuja? Aliunga jibu kwa jibu, kama nguo iliyotolewa kipande cha katikati kisha ikashonwa pindo kwa pindo. Mwishowe hata yeye akaivaa bila kuona mshono.

"Hodi! Shikamooni, wazee wangu."

Mtangazaji aliingia na begi begani. Alisogeza marobota ya vitambaa, akasimamisha maikrofoni kando ya cherehani, akaanza kufungua nyaya. Radi alimvuta Jibu karibu na meza ya pasi.

"Sikiliza. Piga hiyo yako hivyo hivyo. Imeungana vizuri, hata mwanao kaipenda. Nani atajua?"

"Wewe unajua."

"Mimi nitafunga mdomo. Tumemsumbua huyu binti wa redio mpaka kakubali kuja, leo tumwambie wimbo umepotea? Heri nusu shari, ndugu yangu."

Tamaa nayo ilikuwepo, tusidanganyane. Tangu ujana Jibu alitaka, angalau mara moja, kuwa wa kwanza. Leo ingetosha kupuliza tu. Kesho watu wangeupigia mluzi wimbo wakioga, na mluzi ungekuwa wake. Jogoo angekufa mara ya pili, na safari hii si kwa maradhi.

"Radi," alisema, "yale matundu unayakumbuka?"

"Matundu gani tena?"

"Alipokuwa anauliza. Urefu wake. Mimi nimeyaziba, siyapati."

Radi alitaka kubisha, mdomo ulishafunguka. Lakini mkono wake wa kushoto ulikuwa umeanza kutembea wenyewe juu ya ubao wa pasi, polepole, kama mtu anayeifahamu njia gizani.

"La kwanza fupi," alisema, sauti imeshuka. "La pili ndilo refu. Alikuwa analivuta yule, mpaka wachezaji wanasimama. La tatu... nalo ninalo."

"Basi yashike. Mimi nitapiga yangu tu. Yake yabaki wazi."

Mtangazaji aliinua kichwa. "Mzee wangu, redioni kimya ni hatari. Watu watadhani mitambo imeharibika."

"Wakidhani, wadhani," alisema binti wa Jibu, akazima feni isilete kelele. "Washa, mama."

Taa nyekundu ikawaka. Radi alibana magotini dramu lake moja lililobaki, gita likaingia, wakafika katikati. Tarumbeta mbili zilipaswa kusimama. Jibu alisimama peke yake. Tundu la kwanza likapita na vijiti tu ndani yake. Akajibu.

Likaja la pili. Lilikuwa refu kweli, refu kuliko alivyodhani mtu anaweza kuvumilia. Binti yake, kwa mazoea, alivuta pumzi auunge wimbo kama alivyolelewa. Jibu alimwinulia kidole. Binti akafunga mdomo. Mpiga gita aliinamisha uso, akaziacha nyuzi.

Safari hii Jibu hakulamba midomo. Aligeuza sikio upande wa bega lake la kulia, pale alipokuwa akisimama Jogoo, akasikiliza mpaka Radi alipompa ishara.

Ndipo akajibu.