Mistari Iliyolalia Kushoto

Mkono wa kulia wa Mzee Nibu ulianza kutetemeka akiwa amebakiza kuchora kurasa kumi na moja za kitabu cha tatu cha watoto cha Mbuzi Fundi. Mwanzoni alisingizia kiti. Kikaletwa kiti kingine. Akasingizia karatasi, eti siku hizi wanaleta karatasi laini mno inayonasa nibu ya kalamu. Ikatolewa karatasi nene ya zamani, ile aliyokuwa akiificha kabatini hata mkewe asiiguse. Siku ya nne tone la wino likadondoka katikati ya paji la uso la mbuzi. Mzee akaweka kalamu chini, akabaki anaangalia dirisha.

Aliyekuwa naye chumbani ni mwanamke waliyemwita Mashoto, kwa kuwa alitumia mkono wa kushoto kwa kila kitu. Mzee alimfundisha chuoni, na alipomaliza akamchukua awe msaidizi wake. Miaka minne alikuwa akipaka rangi za maji ndani ya mistari ambayo Mzee ameshaichora. Jina lake halikuandikwa popote kwenye vitabu, na hakulalamika. Wasaidizi huanzia hapo.

"Njoo ukae hapa," Mzee alimwambia. "Chora macho."

"Mzee, hayo ni macho ya mbuzi wako."

"Najua ni ya nani. Chora."

Mbuzi Fundi alikuwa mbuzi mwenye ovaroli anayetengeneza vitu vilivyoharibika: redio, baiskeli, paa la shule. Watoto wa madarasa ya kwanza walijifunza kusoma kupitia yeye. Jicho lake moja lilikuwa wazi na la pili limefinywa, kama fundi anayekagua kama ubao umenyooka. Hilo jicho lililofinywa ndilo lililomfanya Mzee ajulikane. Wengi walijaribu kuliiga, likawatokea kama la mlevi.

Mashoto akachovya nibu, akapumua, akalichora kwa mistari mitatu. Likakubali.

Mzee akaegemea meza, akaweka kioo cha kukuzia juu ya karatasi, akakagua kila kona. Hakusifu. "Mistari yako ya kivuli inalalia kushoto," akasema. "Yangu inalalia kulia. Mtu mwenye jicho ataona. Ukifika kwenye kivuli, geuza karatasi."

Basi Mashoto akajifunza kugeuza karatasi. Kila alipofika chini ya meza, nyuma ya mlango au ndani ya pembe, aliizungusha karatasi upande ili mkono wake wa kushoto utoe mistari iliyolala kama ya mtu wa kulia. Kazi ya siku moja ikawa ya siku mbili. Mke wa Mzee, ambaye Mashoto alimwita Mama, aliingia na sinia la chai, akaona ni nani aliyekaa kwenye kiti. Akaweka sinia, akatoka, akaurudisha mlango taratibu kana kwamba chumbani mna mgonjwa amelala.

"Ni kitabu hiki tu," Mzee alisema. "Nikipona tunarudi kama zamani."

Hakupona. Dawa za hospitali zilimpa usingizi na kinywa kikavu, mkono ukaendelea na mambo yake. Kitabu cha nne kikaja, kikaja cha tano. Mzee alikaa kwenye kiti cha pembeni, akasimulia anachokitaka kwenye ukurasa, na Mashoto akachora. Kwa upande wa malipo hakumdhulumu. Walichopata walikigawa pasu kwa pasu, bila kuombwa. Na mwalimu alikuwa mwalimu kweli. "Usichore kiti," alimwambia siku moja, "chora uzito wa aliyekikalia." Mashoto alimpenda mzee huyu kama baba, na hapo ndipo pagumu pa habari yenyewe.

Mumewe, dereva wa malori, hakuwa na maneno mengi. "Mke wangu," alisema siku moja akivua viatu, "huyo mzee anakula jina lako."

"Ni mgonjwa."

"Mgonjwa wa mkono. Mdomo wake mzima."

Binti yao alikuwa ameanza darasa la kwanza mwaka kilipotoka kitabu cha tano. Siku moja mwalimu wao wa kusoma aliinua kitabu juu, akauliza nani anajua kitabu kile kimechorwa na nani. Mtoto akasimama. "Mama yangu ndiye anayemchora Mbuzi Fundi." Darasa likacheka. Mwalimu akamwonyesha jina jaladani, akamwambia akae. Hakukaa. Akasema, "Namwonaga akichora. Akifika kwenye kivuli anageuza karatasi." Akaambiwa ni mwongo na mkaidi, akasimamishwa ukutani mpaka kengele ya kutoka, na mama yake akaitwa shuleni.

Ofisi ya mkuu wa shule ilikuwa na makabati mawili ya chuma na kalenda ya mwaka uliopita. Mtoto alisimama katikati, soksi moja imeshuka.

"Mzazi," mkuu wa shule alisema kwa upole, "sisi hatuna shida na watoto kuwa na ndoto. Shida ni uongo. Tuambie wewe mwenyewe, halafu tuyamalize. Unachora vitabu hivi?"

Mashoto akamtazama mwanawe. Mtoto alikuwa anatabasamu kwa sababu mama amefika na sasa watu wataujua ukweli.

"Huwa nasafisha kwenye ofisi ya huyo mchoraji," Mashoto akasema. "Labda aliniona nimeshika brashi, akachanganya."

Mtoto hakulia. Ingekuwa afadhali alie. Njia nzima ya kurudi nyumbani alitembea hatua mbili mbele ya mama yake, na walipofika alikwenda kwenye daftari lake la kuchorea, akalisukuma chini ya kitanda. Alikuwa na miaka saba. Hakulitoa tena, wala hakuomba jingine.

Tangu siku hiyo Mashoto aliacha kugeuza karatasi. Hakumwambia mtu. Kitabu cha sita kizima, kila kivuli cha Mbuzi Fundi kililalia kushoto, waziwazi, kwa mtu mwenye jicho. Mzee Nibu alipitisha kioo chake ukurasa hadi ukurasa. Alifika kwenye kivuli cha ngazi, akasimama hapo, kioo kikicheza mkononi. Kisha akafunua ukurasa uliofuata. Mashoto akasema moyoni: ameona na amekubali. Sasa atasema.

Kitabu cha sita kilipotoka, kituo cha redio kilimwita Mzee mahojiano. Mashoto alikuwa nyumbani kwake mwenyewe mchana huo akipiga pasi, redio juu ya friji. Mtangazaji akauliza kama mtu wa umri ule anafanya kazi yote peke yake.

"Peke yangu," sauti ya Mzee ikasema, ikiwa na kicheko kidogo. "Kuna binti mmoja ananisaidia kuosha brashi."

Pasi ilikaa juu ya shati mpaka shati likaanza kutoa moshi.

Kesho yake alikwenda. Hakuketi. "Mzee, nimesikia."

Mzee alikuwa amekalia mkono wake wa kulia, kama alivyozoea watu wakija. "Ningesema nini, mwanangu? Yule kijana alinibana."

"Alikuuliza swali."

"Hujui inavyokuwa." Macho yake yalijaa maji. "Miaka arobaini watu wananiita kwa mkono huu. Nikisema hauko tena, nitabaki nani mimi? Maliza kitabu cha saba. Cha saba kikitoka tu, namwandikia Mhariri wa kampuni ya vitabu barua. Naandika kila kitu."

"Utaandika kwa mkono gani?"

Mashoto mwenyewe alijuta papo hapo kulisema lile. Mzee aliinamisha kichwa. Na kwa kuwa alijuta, Mashoto akakaa kwenye kiti, akakimaliza kitabu cha saba. Mzee akafa wiki mbili kabla hakijapelekwa kiwandani. Barua haikuwepo. Mashoto aliitafuta hata ndani ya kabati la karatasi nene.

Aliacha msiba upite, akavaa gauni lake la heshima, akaenda kwenye kampuni ya vitabu. Mhariri alikuwa mama mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, mtu wa haki kwa mambo mengi. Mashoto akafungua kitabu cha pili na cha sita juu ya meza yake, akampa kioo cha kukuzia.

"Angalia vivuli. Hiki kinalalia kulia. Hiki kinalalia kushoto. Sasa nipe kalamu."

Akachora pale pale, nyuma ya bahasha ya ofisi, mbuzi mzima na jicho lake lililofinywa, dakika mbili. Mhariri alitazama bahasha, akatazama kitabu, akavua miwani. Ilikuwa wazi kwamba ameelewa. Aliiacha simu ya mezani iite mpaka ikakatika.

"Dada," akasema mwishowe, "wasomaji wangu wana miaka saba. Hawaangalii kivuli kimelalia wapi. Lakini wazazi wao wanaangalia jina. Kitabu cha saba tumeshakitangaza kuwa kazi yake ya mwisho."

"Si kazi yake."

"Hilo zungumza na familia. Wao wakikubali, mimi sina kipingamizi."

Familia maana yake ilikuwa Mkubwa, mtoto wa kwanza wa Mzee, aliyefanya kazi kwenye kampuni ya bima na kuja kwa baba yake sikukuu kwa sikukuu. Alimpokea Mashoto sebuleni, akamkaribisha soda, akaongea naye kwa adabu tele. Mama alikaa kwenye kochi la pembeni, kitambaa mapajani.

"Dada yangu, sisi tunajua ulimsaidia sana mzee," Mkubwa alisema. "Tunashukuru. Lakini msaidizi ni msaidizi. Una karatasi yoyote aliyotia sahihi?"

"Alikuwa hawezi kutia sahihi. Ndiyo maana nilichora."

"Unaona sasa? Unataka kumtangaza baba yangu kilema, hata kaburi halijakauka."

Mashoto akageuka. "Mama. Wewe ulikuwepo. Miaka sita ulikuwa unaniletea chai kwenye kile kiti."

Mama alikikunja kitambaa mara mbili, akakikunjua. "Mimi, mwanangu, nilikuwa jikoni," akasema. "Ya chumbani kwake nitayajuaje?"

Basi, mambo yakaishia hapo. Kitabu cha saba kikatoka na picha ya Mzee nyuma yake, akiwa kijana, kalamu mkono wa kulia. Kikapata tuzo. Mashoto akakusanya michoro yake mwenyewe, habari ya mwanamke anayeuza miavuli mahali pasiponyesha mvua, akaizungusha kwa wachapishaji wanne. Watatu hawakujibu. Wa nne alimwita, akapekua polepole, akasema kazi ni safi sana, tatizo ni moja. "Umemwiga mno Mzee Nibu. Tafuta mkono wako."

Alirudi nyumbani akautafuta. Miezi mitatu alichora kila asubuhi, mumewe akiwa safarini na mtoto akiwa shule. Alibadilisha nibu, akatumia brashi, akatumia mkaa, akachora hata kwa kijiti. Kila uso ulitoka na jicho lililofinywa. Kila kiti kilikuwa na uzito wa aliyekikalia. Mstari wenyewe ulikuwa wake tangu zamani, alikuwa ameukuza yeye kitabu baada ya kitabu, lakini ulikuwa umeshaandikishwa kwa jina la mtu mwingine, na yeye alikuwa mwigaji wa mkono wake mwenyewe. Asubuhi moja alifunga chupa ya wino kwa nguvu mpaka kifuniko kikapasuka, akaitupa na kijiti chake.

Sasa anachora maelekezo ya matumizi kwenye kiwanda cha samani. Namna ya kuunga miguu ya kitanda. Skrubu hii iingie hapa, ile isiingie. Kazi inafanyika kwa kompyuta, mistari yote ina unene mmoja, na vivuli haviruhusiwi. Wanamsifu kwamba hakosei. Kampuni ya vitabu nayo imeajiri vijana wawili wanaokata mbuzi kutoka kwenye kurasa za zamani na kumbandika kwenye habari mpya, na kitabu cha tisa kiko njiani.

Mama alikuja kumwona mara moja, Jumamosi mchana. Alikuwa amekonda. Alikunywa chai, akasifia mapazia, akauliza habari za mtoto. Mashoto akasema mtoto hajambo, anapenda hesabu. Wakazungumza habari za magoti, za mafua. Chai ilipoisha Mama akasema, macho kwenye kikombe:

"Mwanangu, kula nakula kwa Mkubwa. Kulala nalala kwa Mkubwa. Siku ile ningesema nini?"

Mashoto alisubiri aone kama kuna linalofuata. Halikufuata.

"Nimekuelewa, Mama," akasema.

"Basi sema umenisamehe, niende na amani."

Mashoto akaokota vikombe, akavipeleka kwenye sinki, akafungua bomba. Aliporudi alichukua mkoba wa Mama. Akamshika mkono kwenye ngazi, maana ngazi zilikuwa na unyevu, akamsindikiza mpaka kituoni, akamtafutia kiti ndani ya basi, karibu na mlango.

"Utakuja kunitazama?" Mama aliuliza dirishani.

"Kazi ni nyingi, Mama," Mashoto akasema, akarudi nyumbani kwa miguu.