Timu ya Fortunata

Alhamisi, tarehe tisa Novemba mwaka 2023, saa tisa na dakika ishirini alasiri, umeme ulikatika Mingoyo na kumkuta Fortunata kitandani, mrija wa hewa puani. Zahanati ilikuwa na jenereta, tena jipya, limefunikwa turubai. Mafuta nayo yalikuwepo, yamefungiwa stoo. Ufunguo wa stoo ndio uliokuwa safarini, mfukoni mwa mkubwa mmoja aliyekwenda semina. Ulipopatikana, hapakuwa tena na mtu wa kupelekewa hewa. Na nyumbani, katika chumba cha mbele alichokigeuza kibanda cha gemu, mashine aliyoiacha ikiwaka ilizimika dakika ileile. Tangu siku hiyo diski yake ikawa inagonga ndani kwa ndani, kama mgeni anayebisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa.

Kornelio, mumewe, shule aliiacha darasa la tatu, lakini lawama alizisoma hadi madarasa yakaisha. Aliwalaumu wenye umeme, wenye zahanati, wenye semina, na wale waliowaletea wakulima salfa ya mikorosho bila kuwaambia kwamba vumbi lake hula kifua. Katika kila mkutano wa kijiji aliinuka na swali moja: "Ufunguo ulisafiri kwa nini?" Mwenyekiti alishajifunza kumruka kwa macho. Swali halikujibiwa, na Kornelio alilitunza kama mtu anavyotunza kidonda kilichomzoea.

Lakini jioni, akitoka shamba na jembe begani, hasira ilimwacha mlangoni, na kilichoingia naye ndani kilikuwa kingine. Alikuwa akitamani kelele. Zamani, wateja wakishaondoka, Fortunata alicheza mechi moja ya kwake mwenyewe, na shangwe za uwanja zilimfikia mumewe hadi uani. Alikuwa na timu aliyoiunda kwa mkono wake, akaipa jina la Mingoyo. "Mwanamke mzima!" Kornelio alinung'unika. Naye alijibu, "Subiri baba, tuko dakika za nyongeza." Leo angetoa korosho za msimu mzima kwa dakika hizo.

Jumamosi moja asubuhi akaja Erasmo, fundi wa njia panda na mtani wake wa ukoo, mkononi ana diski mpya nyembamba mithili ya kipande cha sabuni kilichokwisha.

"Ndiyo hiyo? Ndogo hivyo?"

"Ukubwa si hoja, mtani. Wewe mkubwa, kichwani mna nini?"

"Kichwani mwangu mna kumbukumbu ya siku ulipoazima bisibisi yangu."

"Ungekufa wewe badala ya shemeji, diski hii ingeshabadilishwa kabla hatujaondoa matanga." Erasmo aliitegea sikio mashine. Ko, ko, ko. Utani ukamtoka usoni. "Sikia sasa. Tukiweka mpya hivihivi, mashine itaanza tupu kama siku ilipotoka dukani. Na hii ya zamani usiniambie tuipeleke kwenye mashine nyingine. Hizi mbili zimefunga ndoa ya kanisani. Diski haimfungukii mwingine. Dawa ni kunakili kwanza kila kitu kwenye diski yangu ya akiba, hii ikiwa bado inapumua."

"Basi nakili."

"Saa tatu nzima. Na umeme ukikatika katikati, kwa hali niliyoisikia, haitaamka tena. Timu ya shemeji ndiyo kwaheri."

Kornelio akacheka kicheko kikavu. "Yaani nimkabidhi Fortunata kwa walewale?"

"Kwa walewale, mtani. Ama umwache humu agonge mpaka achoke."

Kornelio alitoka hadi barazani, akautazama waya unaotoka kwenye nguzo hadi paa lake. Uzi mwembamba, kunguru mmoja juu yake. Akarudi ndani, akakaa chini, akasema, "Anza."

Wakaketi kuutazama mstari wa bluu ukitambaa kwenye kioo cha runinga. Asilimia kumi. Ishirini na mbili. Wauza samaki wakapita wakinadi, jua likahama kutoka mkekani hadi ukutani, na hakuna aliyekwenda hata kunywa maji. Kwenye sabini na moja feni ikapunguza mwendo, kioo kikafifia kama jicho la mgonjwa. Diski ikagonga mara mbili, ikanyamaza.

Kornelio alijikuta ameshika rozari ya mkewe, iliyotundikwa kwenye msumari tangu mazishi. Midomo yake ilikuwa ikiwaombea nguvu watu aliowalaani kwa majina takriban miaka miwili. Feni ikazunguka tena. Sabini na mbili.

Saa nane mchana Erasmo alifungua skrubu, akaitoa diski kongwe, akaichomeka mpya, akairudishia mashine yale yote aliyoyanakili. Walipoiwasha, haikugonga. Kornelio alikuwa ameisubiri sauti ile bila kujua, na ilipokosekana alihisi kama mtu amehama nyumbani kwake bila kuaga.

"Haya, timu yako hiyo," Erasmo alisema.

Kornelio alisogea, akaweka kidole kwenye kioo, akasoma kama alivyofundishwa, silabi baada ya silabi. "Kor-ne-li-o. Mimi! Namba moja?"

"Golikipa. Shemeji alisema wewe unafaa kukaa nyuma na kulaumu mabeki."

Kicheko kilimtoka Kornelio kabla hajakizuia, kikamalizikia kwenye kikohozi. Akashuka na kidole. Majirani. Mashemeji. Erasmo mwenyewe, benchi. Kisha namba tisa.

"I-ma-ni. Imani ndiye nani?"

"Mimi nilidhani utaniambia wewe. Ndiye mfungaji wake mkuu. Kila Agosti alimwongezea umri. Nikamuuliza, shemeji, mchezaji wa kubuni anakuaje? Akanijibu, huyu hakui mwenyewe, lazima akuzwe." Erasmo akabonyeza. Umri: 16. "Amebaki hapohapo tangu shemeji aondoke. Tumwongezee miwili?"

Kornelio alihesabu miaka kurudi nyuma kwa vidole.

Agosti 2007. Mtoto wao pekee alizaliwa kimya. Wanawake walimzika wenyewe nyuma ya nyumba, kwenye migomba, kama desturi ilivyo, baba haitwi. Yeye siku ile alikuwa barazani akimlaani mkunga aliyechelewa. Hakuonyeshwa mtoto. Jioni Fortunata aliingia ndani, akalala ameugeukia ukuta, na miaka kumi na sita wakala sahani moja bila ya mmoja kuuliza wala mwingine kusema. Swali hilo halikuwa limefungiwa stoo yoyote. Hakuna mkubwa aliyeondoka na ufunguo wake.

Kwenye kioo Imani alisimama na jezi ya kijani, uso uleule ambao gemu lilimpa kila mchezaji.

"Mtani? Nimwongezee?"

"Ngoja. Kwanza nijue ninayemkuza."

Akatoa simu yake ya vitufe. Kati ya wanawake wa siku ile alibaki mmoja tu, Mama Mkubwa Tekla, aliyezeekea Mchinga kwa binti yake. Simu iliita muda mrefu.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba, baba. Nani mwenzangu?"

"Kornelio, wa Fortunata."

"Ee, Kornelio! Leo umelaumu nani?"

"Leo sina wa kulaumu, mama." Erasmo, aliyekuwa hajawahi kumwona mtani wake akitafuta neno, aliondoka taratibu kuelekea uani. "Yule mtoto wetu wa Agosti. Mliyemlaza kwenye migomba."

Upande wa pili zilisikika sauti za kuku na pumzi ya mtu mzima. Kornelio aliisogeza simu karibu zaidi na sikio, macho yakiwa kwenye namba tisa.

"Alikuwa wa kike, mama, au wa kiume?"