Jumamosi ya Nguo Ndani Nje

Mwenye nyumba aliingia Jumatatu asubuhi na futi ya seremala mkononi, akaanza kupima ukuta wa chumba cha fundi cherehani kana kwamba mwenyewe hayumo.

"Shikamoo, baba," fundi alisema, mguu ungali kwenye pedeli.

"Marahaba, mwanangu. Endelea tu, usisimame. Kuna muuza simu anakitaka chumba hiki. Kodi unalipa, sina neno. Lakini mlango uko barabarani na haingii mtu! Watu wanadhani ni stoo. Jumamosi saa nne nakuja naye. Nikikuta benchi limejaa, nakuacha. Nikikuta wewe na paka, unafungasha."

"Paka si wangu, baba."

"Basi hata paka amekuja kutembea tu."

Miaka kumi na mmoja fundi alikuwa akishonea katika chumba hicho. Wateja aliowapata walimpenda, ila walimpenda kimyakimya, kila mtu kwake. Alikuwa na tabia moja: hamkabidhi mtu nguo kabla hajaigeuza ndani nje na kumtaka apitishe kidole juu ya kila mshono. Uwe na haraka usiwe nayo, utapitisha kidole.

Mchana wifi yake, dada wa mumewe, alikuja kuchukua gauni akamkuta amenuna.

"Wifi, tatizo lako nalijua," alisema baada ya kusikia habari. "Unashona kama malaika, unajitangaza kama maiti. Namba za wateja si unazo?"

"Mia na kidogo. Huwa nawaandikia 'nguo yako tayari'."

"Mapenzi hayo! Sasa sikiliza. Kila mmoja aposti nguo uliyomshonea, amtaje rafiki wa kuja naye Jumamosi. Wakija wawili, kila mmoja unampindia nguo moja bure."

Fundi alifikiri kidogo. "Sawa. Lakini wapige picha upande wa ndani wa nguo. Nje hata mlevi anashona."

Wifi akacheka mpaka akashika meza. Fundi, ili aeleweke vizuri, alivaa gauni lake ndani nje, akasimama dirishani, akanyoosha kidole kwenye mshono wa bega. "Geuzeni kama mimi, mpige picha, mje na rafiki Jumamosi saa tatu!" Wifi akarekodi, akasambaza kwa wateja wote.

Jumanne kimya. Jumatano picha mbili, zote za wifi. Alhamisi jioni simu ya fundi ilitetemeka juu ya meza mpaka ikaanguka. Wifi ndiye aliyekuwa anapiga.

"Wamevaa!"

"Nani? Wamevaa nini?"

"Wateja wako! Wamezivaa ndani nje kama wewe! Mwalimu mkuu ameposti suti yake, mifuko inaning'inia kama masikio ya mbuzi. Amewataja walimu wote!"

"Mungu wangu! Mimi nilisema wageuze, sikusema wavae. Ngoja niwaandikie samahani."

"Ukiandika tu, nakushtaki kwa kaka. Waache!"

Jumamosi saa tatu benchi lilikuwa na paka peke yake. Saa tatu na nusu, paka. Fundi alianza kuzungusha nyuzi zake kwenye boksi, taratibu, asijione anavyofungasha.

Kisha akasikia kicheko barabarani.

Alikuwa mwalimu mkuu, bitana ya koti ikimeremeta juani, nyuma yake walimu saba. Nyuma yao bibi harusi wa mwaka jana na dada zake watatu, zipu zote hadharani. Nyuma yao watu fundi hajapata kuwaona maishani, wanapigana picha, wanapitishana vidole mabegani. "Huu mshono au mchoro?" "Shangazi, ona pindo hili!" Benchi likajaa, ngazi ikajaa, foleni ikakunja kona. Fundi akamwaga boksi mezani, akavuta futi ya kupimia shingoni, moyo unamdunda kuliko cherehani.

Saa nne kamili mwenye nyumba akafika na muuza simu.

"Hawa wametoroka hospitali gani?" aliuliza, akijipenyeza.

"Foleni, mzee!" watu wakapaza sauti. "Halafu umevaa vibaya!"

Muuza simu hakusogea. Aliitazama foleni, akatazama simu zilizoinuliwa juu, nyingine vioo vimepasuka, nyingine zinalia betri. Macho yakamtoka.

"Mzee, huyu usimtoe."

"Chumba je?"

"Nipe cha nyuma. Nikimfukuza yeye, hawa wote wanaondoka naye. Nani ataninunulia chaja?"

Mwenye nyumba akakunja futi yake pande kwa pande. "Mwanangu," aliita juu ya vichwa vya watu, "baki! Ila ununue benchi lingine, wananikanyagia maua!"

Fundi alikuwa na pini tano mdomoni. Aliitikia kwa kichwa, mara tatu, machozi na kicheko vikigombania uso mmoja, kisha akapiga magoti kwenye pindo la mwalimu mkuu.